Trela linakula umeme wa nani? Fizikia ya taa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne

Simama usiku kando ya barabara isiyo na taa za mtaa, ungoje bodaboda ipite. Dereva akivuta ekseleta, taa ya mbele inang'aa. Akipunguza mwendo kuvuka tuta, taa nayo inafifia mpaka inakuwa na rangi ya chungwa. Akivuta tena, mwanga unarudi. Abiria tumeshazoea, hatuulizi. Lakini kinachotokea pale ndicho kitakachokusumbua siku utakapofunga trela nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne na kutaka taa za trela hilo ziwake sawasawa.

Tuiite kwadi, maana jina lake refu litatuchosha wote. Ukitaja kwadi watu wengi wanafikiria watalii wa Nungwi au Diani wakitimuliana vumbi. Kumbe ni mashine nzuri ya shamba: inapita kwenye matope, inageuka mahali pembamba, na inavuta trela dogo lenye majani ya ng'ombe, mbolea au madumu ya maziwa. Basi tuchukue mfano huo. Tuseme una ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji wa Njombe. Maziwa yanatakiwa yafike kituoni mapema. Unaondoka saa kumi na moja alfajiri, bado giza, ukungu umeshuka, na kuna kilomita chache za lami ambazo lazima uzipite pamoja na malori na mabasi. Kwadi yako ina taa moja au mbili ndogo nyuma. Ukishafunga trela na kupanga madumu, taa hizo hazionekani tena. Kwa anayekuja nyuma yako, hakuna kitu barabarani.

Na anakuja kwa kasi gani? Kilomita 80 kwa saa ni sawa na mita 22 kwa sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kuona, kuelewa na kuhamisha mguu: tayari ameshakula mita 33. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzima linahitaji mita nyingine 35 hivi mpaka lisimame. Jumla karibu mita 70. Taa za dimu zinamwonyesha kitu cheusi kwenye umbali wa mita 40 mpaka 60, tena hewa ikiwa safi. Hesabu imeshagoma kabla hatujaweka ukungu, wala uzito wa lori.

Njia inayofuatwa na wengi ni hii: kata waya wa taa ya nyuma ya kwadi, sokotea waya wa trela hapo hapo, zungushia tepu nyeusi, kazi imeisha. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Shida inaanza wiki ya pili au mwezi wa pili, na ili uielewe inabidi turudi kwenye injini.

Umeme wa kwadi unazalishwa vipi

Pembeni mwa injini, chini ya kifuniko, kuna sumaku zinazozunguka pamoja na mhimili wa injini. Karibu nazo kuna koili za waya wa shaba ambazo zimetulia. Sumaku inapopita mbele ya koili, umeme unazaliwa ndani ya waya. Jambo hili Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831, na mpaka leo mabwawa yetu ya umeme na bodaboda zetu wanatumia kanuni ile ile. Sumaku zikizunguka haraka, volti zinapanda. Zikizunguka taratibu, zinashuka. Sasa unaona kwa nini taa ya bodaboda inafifia: kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele inalishwa moja kwa moja na koili, bila betri kuingia kati.

Umeme unaotoka hapo ni wa kwenda na kurudi, kama ule wa nyumbani. Betri haiutaki. Kwa hiyo unapitishwa kwenye rektifaya, kile kikopo cha aluminiamu chenye mapezi ya kupoza, ambacho kinaugeuza uende upande mmoja na kuzuia volti zisipande kupita 14 na nusu hivi. Kwenye kwadi nyingi za kazi, taa zote zinakula umeme uliokwisha kupita hapo. Ila zipo kwadi ndogo, hasa za bei nafuu, ambazo taa zake zinalishwa kama za bodaboda. Kabla hujanunua chochote, jua yako ni ya aina gani. Weka mita kwenye waya wa taa, injini ikiwa imewaka, chagua upande wa umeme wa kwenda na kurudi. Ukikuta volti kadhaa hapo, na taa inafifia ukiachia ekseleta, usifunge taa za LED kwenye waya huo. Zitapepesa, au zitaungua, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Chukua umeme kutoka kwenye betri, kwa namna nitakayoieleza.

Sasa bajeti. Hapa ndipo watu wengi wanapopitiwa, kwa sababu wamezoea gari. Altaneta ya gari dogo inatoa wati 800, 1,000 na zaidi, kwa hiyo balbu chache za trela hazisikiki. Kwadi haina ukarimu huo. Tuseme yako inatoa wati 250 injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma tu hujavuta ekseleta, unaweza kubaki na 100 au chini yake. (Hizi ni namba za mfano, zako ziko kwenye kitabu cha mashine, na zinatofautiana sana.)

Matumizi je? Mfumo wa kuchoma mafuta pamoja na pampu yake, tuweke wati 70. Taa mbili kubwa za wati 35 kila moja, 70. Feni ya rejeta, 70 nyingine. Hapo ni 210 na trela bado halijaunganishwa. Trela lenye balbu za kawaida lina taa mbili za nyuma za wati 5, na moja ya kumulika namba ya wati 5: jumla 15. Ukishika breki, ongeza balbu mbili za wati 21, yaani 42. Ukiwasha indiketa ya upande mmoja, 21 tena. Ukivijumlisha vyote unapata wati 78, ambazo kwa volti 12 ni ampea 6.5.

Ukienda kwa mwendo mzuri barabarani, bajeti inabana lakini unafika. Balaa ni kazi ya taratibu: kupanda mlima na mzigo, kusubiri foleni kituoni huku umeshika breki, kuburuza trela shambani jioni. Injini inazunguka polepole, feni inafanya kazi muda wote, na koili zinatoa wati 100 wakati unatumia 225. Hizo 125 zinazopungua zinatoka kwenye betri, kama ampea 10 hivi. Betri ya kwadi ya ampea-saa 14 kwa karatasi ingedumu saa moja na dakika 24. Kwa kweli haifiki huko, maana mapema zaidi volti zinakuwa zimeshuka kiasi kwamba ukizima injini stata haiizungushi tena. Mtu anasema "betri hizi siku hizi feki". Huenda ni kweli, ila inawezekana pia betri imekuwa ikilipa deni la koili kila siku bila wewe kujua. Na kama una pampu ya kupulizia dawa inayotumia umeme wa kwadi hiyo hiyo, basi mjadala umefungwa.

Njia ya kujua ni rahisi. Mita kwenye vichwa vya betri, washa kila kitu, shikilia breki, vuta ekseleta kiasi cha kati. Ukisoma volti 13.5 au zaidi, koili zinamudu na betri inachajiwa. Ikishuka chini ya 12.6 na kuendelea kushuka, betri inafadhili.

Swichi iamrishe, betri ilipe

Turudi kwenye ule waya uliosokotwa. Tatizo lake ni kwamba umeme wa trela lote sasa unapita kwenye swichi ndogo ya mkononi na kwenye kile kitufe cha breki kilichojificha nyuma ya mkono wa breki. Vitu hivyo vilitengenezwa kubeba balbu moja, na kwenye mashine mpya ni LED moja tu. Wewe umeviongezea mzigo mara tatu au nne.

Tena mzigo wenyewe ni mkubwa kuliko unavyosomeka kwenye balbu. Jaribu hili nyumbani: chukua balbu ya wati 21 ya volti 12, ipime ukinzani kwa mita. Kwa hesabu ya darasani (volti mara volti, gawanya kwa wati) unatarajia omu 7 hivi. Mita itakuambia chini ya omu moja. Usiitupe, balbu ni nzima. Uzi wa tungsteni ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, na unapanda ukishaungua na kuwaka. Maana yake ni kwamba kila unaposhika breki, kwa kitambo kidogo sana kuliko kupepesa jicho, kila balbu inavuta mkondo wa takriban mara kumi ya kawaida yake. Vijino vya swichi vinapigwa cheche ndogo kila mara, vinaota weusi, ukinzani unapanda, swichi inapata moto. Siku moja unashika breki na hakuna kinachowaka, si kwenye trela wala kwenye kwadi yenyewe. Kwa hiyo ule usokotaji uliofanywa ili uonekane umekufanya usionekane kabisa.

Dawa ni rilei. Ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Ndani yake kuna koili ndogo. Ukiipa umeme inakuwa sumaku, inavuta kibati, kibati kinaunganisha njia nene. Koili inahitaji kama ampea 0.15 tu, lakini kibati kinaweza kubeba 20 au 30. Kwa hiyo waya wa taa ya breki wa kwadi unaendelea na kazi yake ya zamani, na juu yake unatoa ishara tu: "amebonyeza". Umeme wenyewe unaolisha trela unatoka kwenye betri kwa waya wake, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye rilei, unaenda nyuma.

Ukigeuza rilei utaona miguu ina namba, na namba hizo ni zile zile kwa watengenezaji karibu wote. 30 inapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. 87 inapeleka kwenye taa. 85 na 86 ni ncha mbili za koili: moja inapata ishara kutoka waya wa kwadi, nyingine inaenda hasi. Unahitaji rilei moja kwa taa za nyuma na moja kwa breki. Kwadi nyingi za shamba hazina indiketa kabisa. Kama yako inazo, ongeza mbili, kushoto na kulia. Madukani kuna visanduku vilivyotengenezwa tayari kwa kazi hii, na ndani ya vingi utakuta wazo hili hili.

Jambo moja dogo ambalo mafundi wazuri wanalizingatia: koili ya rilei ikikatiwa umeme hairidhiki kirahisi. Inatema volti kwa nguvu kinyumenyume kwa kitambo kifupi, wakati mwingine zaidi ya mia. Kwadi zenye kompyuta ya injini hazipendi mchezo huo. Tafuta rilei yenye diodi au rezista ndani. Ya diodi ina upande wa chanya na wa hasi kwenye 85 na 86, kwa hiyo soma mchoro ubavuni kabla ya kuchomeka.

Na fyuzi? Watu wanadhani inalinda balbu. Balbu haina haja ya kulindwa, inauzwa kila duka la vipuri. Fyuzi inalinda waya usigeuke jiko la umeme chini ya tangi la petroli. Ndiyo maana inakaa karibu kabisa na betri, ndani ya urefu wa kiganja: kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kwa ampea zetu 6.5, fyuzi ya 10 inatosha. Kwa trela la LED, weka 5. Ikikatika usiiwekee ya 30 wala karatasi ya sigara. Tafuta mahali waya uliposuguliwa na bodi.

Ukishika breki, taa inazimika

Umeme unakwenda na lazima urudi. Nusu ya matatizo yote ya trela (nakisia, ila muulize fundi yeyote) yako kwenye njia ya kurudi, yaani ethi. Kwa kawaida watu wanaiachia chuma: bodi ya trela, mpira wa kuvutia, bodi ya kwadi, hasi ya betri. Kwenye karatasi chuma kinapitisha umeme. Kwenye barabara ya vumbi, kati ya trela na kwadi kuna kutu, rangi na grisi uliyopaka mwenyewe kwa nia njema. Trela likiruka, mgusano unakatika na kurudi.

Matokeo yake ni vituko ambavyo vinaonekana kama uchawi mpaka ufuate njia ya umeme kwa kidole. Chukua taa ya kushoto yenye balbu ya nyuzi mbili, ule wa wati 5 wa taa ya nyuma na ule wa 21 wa breki. Nyuzi hizi zinachangia ncha moja ya kurudia. Tuseme ethi ya upande huo imekatika. Unawasha taa: ya kushoto inawaka karibu kama kawaida! Umeme umepita uzi wa wati 5, umefika kwenye ncha ya pamoja, umekuta njia imefungwa, ukaamua kupanda kinyumenyume kupitia uzi wa breki, ukafuata waya wa breki mpaka taa ya kulia na kurudi nyumbani kwa ethi ya kule. Nyuzi za breki ni baridi na ukinzani wake ni mdogo, kwa hiyo hazizuii kitu wala haziwaki. Ukikagua hapo utasema kila kitu kizima.

Sasa shika breki. Waya wa breki umepata volti 12, kwa hiyo ile ncha ya pamoja imepanda mpaka volti 12. Uzi wa wati 5 una 12 upande huu na 12 upande ule. Hakuna tofauti, hakuna mkondo. Taa inazimika. Yaani ule wakati hasa ambao unataka aliye nyuma akuone zaidi, upande mzima wa trela unapotea. Ukiona taa inayozimika ukishika breki, au taa ya nyuma inayopepesa pamoja na indiketa, usibadilishe balbu. Nenda kwenye ethi.

Dawa ni kuacha kutegemea chuma. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa ya trela, uupitishe kwenye plagi, uufikishe hasi ya betri. Na uwe mnene kuliko wenzake wote, kwa sababu breki, indiketa na taa za nyuma zote zinarudi kwa njia hiyo moja.

Unene una maana gani hasa? Tuseme kutoka betri mpaka taa za trela ni mita 4. Waya wa 0.5 (ndio milimita za mraba dukani) una ukinzani wa omu 0.14 kwa mita hizo nne. Waya wa breki unabeba ampea 3.5, unapoteza nusu volti. Ethi inabeba zote 6.5, inapoteza 0.9. Balbu iliyokuwa ipate 12.6 inapata 11.2. Unaona volti 1.4 si kitu? Mwanga wa balbu ya uzi haushuki kwa kiwango sawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi, karibu volti katika kipeo cha 3.4. Taa yako inatoa theluthi mbili ya mwanga wake. Ukitumia waya wa 1 kwa breki na wa 2.5 kwa ethi, unabaki na karibu asilimia 90. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko ya kununua balbu "kali" ambayo ingeongeza mkondo na kupoteza volti zaidi kwenye waya ule ule mwembamba.

Plagi, rangi na maungio

Plagi ya kawaida ya matundu saba, ile ya volti 12 inayofuata kipimo cha kimataifa, ina mpangilio huu: 1 indiketa ya kushoto, waya wa njano, 2 taa ya ukungu, bluu, 3 ethi, mweupe, 4 indiketa ya kulia, kijani, 5 taa ya nyuma kulia, kahawia, 6 breki, mwekundu, 7 taa ya nyuma kushoto, mweusi. Mafundi waliozoea mweusi kuwa hasi wanakwama hapa, na matokeo yake ni fyuzi kukatika mara tu unapowasha taa. Amini namba iliyochorwa karibu na tundu, rangi zipe heshima ya pili.

Trela au kwadi iliyotoka Marekani ni habari nyingine. Plagi yao ndogo ina nyaya nne tu: mweupe ethi, kahawia taa za nyuma, na njano na kijani zinazobeba indiketa na breki kwa pamoja, kila upande wake. Uzi mmoja unafanya kazi mbili. Huwezi kuunganisha hiyo na mfumo wetu wa breki peke yake kwa kusokota. Utapata indiketa inayowasha upande wa pili. Kuna kisanduku cha kubadilisha ishara, nunua hicho.

Maungio nayapitia haraka kwa sababu adui ni wawili tu, maji na mtetemo. Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya vinafaa ndani ya gari, kwenye kwadi inayooshwa kwa pampu kila Jumamosi vinaingiza maji na shaba inageuka kijani. Bana kwa kichwa cha shaba, funika kwa mpira unaonywea ukipata joto, wenye gundi ndani. Ukilehemu, funga waya kwenye bodi sentimita chache kutoka hapo, maana risasi inaufanya waya uwe mgumu na mtetemo unaukatia pale ugumu unapoishia. Kwenye sehemu ya kukunjia kati ya kwadi na trela acha ulegevu wa kutosha kwa kona kali, lakini usiburuze chini.

LED, kwa faida na hasara zake

Taa zote za trela zikiwa LED, zile wati 78 zinashuka kuwa kama 10. Mzigo wa swichi, upotevu wa volti kwenye waya na deni la foleni kituoni vyote vinapungua kwa mkupuo. Kwenye kazi ya taratibu usitarajie miujiza, kwa sababu pale mlaji mkubwa ni taa za mbele na feni. Ila kuna faida ambayo hesabu ya wati haionyeshi. Uzi wa balbu unahitaji muda wa kupata joto, karibu sekunde 0.2 mpaka uwake vizuri. LED inawaka papo hapo. Kwa yule wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 0.2 ni mita 4 na nusu za barabara.

Hasara yake ni kwenye indiketa. Fleisha za zamani zinategemea joto la mkondo mkubwa ili kukata na kuunganisha. Ukiwapa LED zinazovuta mkondo kiduchu, zinachelewa au zinagoma kabisa. Za kielektroniki zinadhani balbu imeungua na zinapepesa haraka haraka. Kama kwadi yenyewe imebaki na balbu zake na trela linalishwa kwa rilei, fleisha haitajua kuwa kuna trela nyuma, na yataisha hayo.

Weka na rifleksa nyekundu mbili, moja kila kona ya nyuma, hata kama taa zako ni za kifahari. Haziongezi wati hata moja kwenye bajeti, na siku fyuzi ikikatika katikati ya ukungu ndizo utakazobaki nazo.

Ukimaliza, pima kwenye soketi ya balbu ya breki ya trela, balbu ikiwa imewaka, injini ikizunguka kwa kasi ya kati, kila kitu kimewashwa. Linganisha na volti za kwenye betri wakati huo huo. Tofauti ikiwa chini ya nusu volti, umefanya kazi safi. Ikizidi volti moja, sogeza ncha za mita kipande kwa kipande, kuanzia ethi, mpaka upate ungio linalokula volti. Halafu subiri giza liingie. Pakia trela kama unavyolipakia siku ya kazi, majani yakining'inia vile vile na turubai likipepea vile vile, umtume mtu asimame mita 100 nyuma. Akikuambia anaona taa moja tu, anza na majani.